Jina Lililobaki Ndani ya Kompyuta

Mwenyekiti alisikia mazishi yake yakitangazwa akiwa ameketi mstari wa mbele, kofia mapajani, afya tele. Ilikuwa kwenye ratiba ya mazishi ya mtu mwingine, seremala wa mtaa wetu wa Majengo, Sumbawanga, na mistari yote ya ratiba ile ilikuwa sahihi isipokuwa mmoja. Pale palipotakiwa kuandikwa kwamba mwili wa seremala utawasili nyumbani kutoka hospitali, paliandikwa kwamba utawasili mwili wa Mwenyekiti, jina lake kamili, na cheo chake. Msemaji wa shughuli aliusoma mstari huo kwa sauti kabla akili yake haijamzuia. Watu wakageuka. Mwenyekiti akacheka, akainua mkono kama mwanafunzi anayeitwa darasani.

"Nipo, jamani," akasema. "Endeleeni tu, mimi bado sijawasili."

Wachache wakacheka naye. Wiki chache baadaye alianguka katika ua wake, katikati ya magunia ya mahindi yaliyokuwa yakipakiwa, na alipozinduka mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja na maneno yalikuwa yamempotea yote.

Aliyechapa ratiba ile alikuwa mama mwenye nyumba wangu. Mtaa mzima ulimwita Mchapaji, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Nilipanga chumba cha uani kwake kwa miaka mingi, nikiwa natuma habari za mkoa kwa gazeti moja la Dar es Salaam, kwa hiyo niliyaona mengi ya haya kwa macho, na mengine niliyasikia kupitia dirisha linalotazama kibaraza chake.

Mchapaji alikuwa katibu muhtasi wa shirika la umma lililokuwa likinunua mahindi ya wakulima enzi zile ambazo serikali ndiyo ilikuwa mnunuzi. Soko lilipofunguliwa, shirika likafungwa. Wenzake walipewa mabati, viti, baiskeli. Yeye akapewa kompyuta ya ofisi na printa yake badala ya sehemu ya mafao, na alisema siku ile aliileta nyumbani kwa mkokoteni akiwa ameishikilia kioo kwa mikono miwili, kama mtu anayemrudisha mgonjwa. Ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyoganda. Aliiweka sebuleni, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, akachora kibao cha mkono na kukipigilia kwenye mlango: KAZI ZA KUCHAPA. Hakuna aliyekuwa na kitu kama kile nyumbani mwake, mtaa wote ule.

Mwenyekiti naye alitoka shirika lile lile. Alikuwa dereva. Mchapaji ndiye aliyekuwa akimchapia vibali vya safari, na walipopunguzwa kazi wote wawili, Mwenyekiti akakopa, akanunua lori chakavu, akaanza kununua mahindi Mwimbi na kuyapeleka Mbeya. Alitajirika kiasi cha kutosha kuwa mwenyekiti wa kila kamati ya harusi iliyoundwa Majengo. Alipopita mbele ya kibaraza alipunguza mwendo wa lori na kupiga kelele, "Dada Mchapaji! Nichapie kibali cha kwenda peponi!" Naye alijibu bila kuinua kichwa, "Lete kwanza barua ya Padre."

Nimeanza na watu hawa wawili kwa sababu bila urafiki wao kisa hiki kingekuwa chepesi.

Mchapaji alikaa wima. Hakuegemea kiti hata siku moja. Alivaa sweta la kijani kipupwe chote, maana upepo wa Ufipa wakati wa baridi hupenya mpaka kwenye meno, na alichapa kwa vidole vyote kumi bila kutazama vibonye, huku akimtazama mteja usoni. Wateja wengine waliona vibaya kutazamwa hivyo. Alikuwa na kauli zake. Mtu akiingia na kusema ana haraka, alimjibu, "Usiniambie haraka, niambie lini." Mtu akitaka sifa nyingi kwenye wasifu wa marehemu, aliuliza, "Haya yote aliyafanya, au tunamfanyia sisi leo?" Akatabasamu kidogo, kisha akayachapa yote kama alivyoagizwa.

Nakumbuka mfugaji mmoja wa jamii zile zilizohamia kwetu na ng'ombe kutoka kaskazini magharibi. Alikuja na fimbo yake akitaka barua kwa mkuu wa wilaya kuhusu njia ya mifugo.

"Mama, andika kwa ukali," akasema.

"Ukali utausema mwenyewe ukifika. Kwenye karatasi tunaanza na Yahusu."

"Yahusu nini? Yahusu ng'ombe wangu wanakufa na kiu!"

"Hapo sasa umesema vizuri. Yahusu ng'ombe kufa kwa kiu. Kaa chini, tuendelee. Na hiyo fimbo iweke nje, inaniangusha kikombe."

Barua ile ilikuwa na adabu kiasi kwamba mfugaji aliposomewa aliuliza kama kweli ni yeye anayesema. Mchapaji akamwambia ndiyo, ni yeye akiwa amenawa uso.

Namna yake ya kufanya kazi aliiita kuvua na kuvisha. Hakuanza ratiba upya. Alichukua ya zamani iliyokwisha kupendwa, akaivua majina ya wale, akaivisha majina ya hawa. Watu wenyewe ndio waliotaka hivyo. Walikuja wakisema, "Tunaomba kama ile ya harusi ya fulani, yenye mistari miwili pembeni." Ndani ya kompyuta yake, basi, harusi moja ilikuwa imezaa harusi nyingine, harusi ikazaa kipaimara, kipaimara kikazaa mazishi. Hakufuta kitu. Alisema mtu anayefuta kazi ya jana ni mtu anayetaka kufanya kazi mara mbili.

Alikwenda misa kila asubuhi na alikuwa na dharau kubwa kwa habari za ushirikina. Wageni kutoka Dar walipomtania kuhusu Sumbawanga, aliwaambia wachawi wote wa Ufipa walishahamia Kariakoo kutafuta biashara. Lakini ngurumo ikisikika upande wa mlimani, alichomoa kila waya, akakigeuza kioo cha kompyuta kitazame ukutani, akakifunika kitenge cheusi, kama sote tulivyofunika vioo vya kujitazamia. Nilimuuliza mara moja kama radi inajali kioo kinatazama wapi. Akasema, "Mimi siamini. Ila kitenge hakinigharimu kitu."

Kompyuta yenyewe ilikuwa imeanza kuchoka muda mrefu kabla ya msiba wa seremala. Umeme wa mji ulikuwa wa jenereta, ukija na kuondoka unavyotaka, na kila ulipoondoka ghafla mashine ile iliamka na ugonjwa mpya. Iliganda katikati ya sentensi. Ikatoa sauti ndani, tik, tik, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha. Mchapaji akamwita fundi wa Mbeya, mtu mzima mcheshi aliyekuwa akizunguka mikoani akitengeneza redio na televisheni, na sasa kompyuta za mapadre na halmashauri. Fundi aliifungua kibarazani juu ya gunia. Ndani mlikuwa na vumbi jekundu la barabara ya Tunduma na mende wakavu.

"Mama," akasema fundi, "nikuambie ukweli au nikuambie cha kukufurahisha?"

"Sema ukweli. Cha kunifurahisha nakipata kanisani."

"Memori ni ndogo. Ndiyo maana ukifungua kazi mbili inaganda. Hiyo naweza kukuongezea, vipande vya mtumba vipo Mbeya. Lakini kinachogonga ni hadi diski, ile sahani inayotunza kazi zako zote. Hiyo haitengenezwi, inabadilishwa. Sasa ukiongeza memori na ukabadilisha hadi diski, umenunua nusu ya kompyuta nyingine na umeiweka kwenye mwili wa bibi kizee. Bora ununue nyingine nzima."

"Na vilivyomo?"

"Nitajaribu kuvihamisha. Vingine vitahama, vingine vitafia njiani."

Mchapaji akaangalia lile sanduku lililofunuliwa. "Hii imenilisha tangu shirika lilipokufa," akasema. "Acha nifikirie." Akafikiria msimu mzima wa mvua, na wa mavuno pia. Kila fundi alipopita mjini alimuuliza, naye akamjibu kwamba bado anafikiria.

Ndipo seremala akafariki. Ndugu zake walikuja mchana wakitaka ratiba kama ya harusi moja ya karibuni, ambayo Mwenyekiti aliongoza kamati yake. Mchapaji akaifungua. Mstari wa kwanza ulisema: Kuwasili kwa Mwenyekiti, na jina lake. Akaanza kuuvisha kabla hajauvua. Akaingiza maneno "mwili wa" mbele, akawa anataka kuliondoa jina, mashine ikaganda. Akaizima, akaiwasha. Ikamrudishia kazi kama alivyoiacha, nusu harusi, nusu msiba. Yeye alikumbuka kwamba mstari ule alishaugusa, kwa hiyo akaendelea na ya chini yake. Ndugu walikuwa wamesimama mlangoni, gari likiwa linanguruma nje. Akachapa, wakakimbilia kwenye fotokopi.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Najua kwa sababu alinionyesha kwenye kioo, kazi ya kwanza na ya pili, zote zikiwa bado humo na kosa lake. Mtu yeyote angeelewa. Shida ilikuwa kwamba baada ya Mwenyekiti kuanguka hakuna aliyetaka kuangalia.

Wa kwanza kuja alikuwa binti wa Mwenyekiti, aliyeolewa Mwimbi. Alisimama chini ya ngazi za kibaraza, kanga imekazwa kifuani, wala hakupanda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Baba anaendeleaje?"

"Yupo vilevile. Mama, tumekuja kukuomba kwa heshima zote. Baba umtoe humo ndani."

"Ndani wapi, mwanangu?"

Binti akaonyesha mlango wa sebule kwa kidevu.

"Njoo nikuonyeshe. Ni kosa la kuandika tu, liko wazi, utaliona mwenyewe."

"Siangalii, mama. Wewe mtoe tu. Ukishamtoa, tutajua."

Akaaga kwa adabu ile ile. Adabu yake ndiyo iliyonitisha. Kama angetukana ningelala vizuri.

Siku iliyofuata akaja mdogo wake Mwenyekiti, aliyekuwa sasa anaendesha biashara ya malori. Yeye alipanda ngazi, akakaa, akapewa chai na hakuinywa.

"Nasikia binti yetu alipita hapa," akasema. "Ni mtoto, ana uchungu. Mimi nakuomba, dada, usifute. Wala usiguse. Ukilifuta jina la kaka, utakuwa umemaliza kazi."

"Kazi gani?"

Mgeni alimtazama machoni, kisha akainuka.

Macho ya Mchapaji yalikuwa mekundu. Yalikuwa mekundu tangu nilipomjua: miaka ya kukodolea kioo kile chenye kumeta, na moshi wa kuni. Hakuna aliyewahi kuyasema. Sasa yakasemwa. Niliyasikia kwenye foleni ya mashine ya kusaga, wanawake wawili mbele yangu, mmoja akimwambia mwenzake, "Na yale macho je?" Mwenzake akasema, "Nyamaza, mpangaji wake yupo nyuma."

Katika kazi yangu nilishaandika habari za namna hiyo kutoka vijijini, aya fupi fupi, vikongwe waliofukuzwa au kufanyiwa mabaya zaidi kwa sababu ya rangi ya macho. Nilijua zinavyoanza. Zinaanza kwa salamu kupungua. Watoto waliokuwa wakipaza "Shikamoo Mama Mchapaji!" wakitoka shule wakaanza kupita upande wa pili wa barabara. Kisha muuza migebuka wa Kipili, aliyekuwa akianza kwake kila alipoleta samaki, akaanza kumaliza kwake, na baadaye hakufika. Asubuhi moja tulikuta majivu yamemwagwa kwenye kizingiti chake, mstari ulionyooka kutoka ukingo mmoja wa mlango hadi mwingine. Aliyafagia mwenyewe. Alifagia mpaka barabarani, ili kila mtu amwone anafagia.

Tangu siku hiyo aliacha kupika kwa kuni. Alinunua mkaa, akapikia nje kwenye upepo ili moshi usimfikie. Alinunua miwani myeusi sokoni, akaivaa siku moja, akasikia wanasema anaficha, akaivua. Nilimkuta ameshika kioo kidogo cha mkononi, akivuta kope chini kwa kidole na kujichungulia, na nilielewa kwamba naye ameanza kuyaogopa macho yake.

Alikwenda kwa Padre kuomba aje kuibariki kompyuta. Padre, aliyekuwa mzee na mwenye utani, alimwambia yeye hubariki watu, na kwamba mashine ikitaka baraka ijifunze kwanza sala ya Baba Yetu. Mchapaji alicheka alipokuwa akinisimulia. Kisha akasema, "Angekuja tu, mwanangu. Wangemwona akiingia."

Jambo la kuitengeneza au kununua nyingine, ambalo zamani lilikuwa la fundi na bei, sasa lilikuwa limemshika koo. Alinieleza siku moja tukiwa tunachambua maharage kibarazani. Alizungumza kwa utaratibu, kama anayenisomea kumbukumbu za kikao.

"Nikimwambia fundi aitengeneze, watasema nimeiongezea nguvu. Nikinunua nyingine, watasema nimeikimbia hii, kwa hiyo ina jambo. Nikiitupa, nani ataiokota? Itakaa pale jalalani na kila atakayeugua atasema aliipita. Nikilifuta jina na mzee akafa, mdogo wake atakuwa na ushahidi. Nisipolifuta akafa, binti atakuwa na ushahidi."

"Na ukiiacha tu?"

"Unaisikia inavyogonga. Itakufa yenyewe siku moja, mimi sijaigusa. Na siku hiyo naye akizidiwa..."

Akachagua kijiwe kutoka kwenye maharage, akakitupa mbali sana kuliko ilivyohitajika.

Nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nikilizunguka kwa muda mrefu. "Lakini wewe mwenyewe, mama, unaamini?"

"Mimi naamini katika Kanisa moja takatifu katoliki la mitume," akajibu haraka. Kisha, polepole: "Ila niliandika mwili wake unakuja, kwa mikono hii. Na sasa mwili wake ndio pekee uliobaki, hana sauti. Wewe mwandishi, hujawahi kuandika kitu kikatokea?"

Nikamwambia gazeti langu linaandika vitu baada ya kutokea, na mara nyingi muda mrefu baadaye.

Uamuzi wake, alipoufanya, haukufanana na ushauri wa mtu yeyote. Alimwita fundi na kumwagiza kompyuta nyingine, ya mtumba, iliyopitia mpakani Tunduma. Fundi alipoileta alitaka kuhamisha kazi za zamani, maana ndiyo sehemu ya ujuzi wake aliyoipenda. Mchapaji akamkatalia.

"Hata kipande?" fundi akauliza. "Fremu zile nzuri? Barua za halmashauri? Mama, hizo ni kazi za miaka!"

"Hata nukta. Hii inaanza bila mtu."

"Ninyi watu wa hapa," fundi akasema huku akikunja nyaya, "mtaiogopesha hata kompyuta mpya." Lakini nilimwona hakuiwasha ile ya zamani kuipima, ingawa ilikuwa imekaa pale pale karibu na mkono wake. Aliibeba kuipeleka chumba cha ndani akiwa amegeuza uso pembeni.

Mpya aliiweka kwenye dirisha la mbele, pazia wazi, ili anayepita aone anachofanya. Akaacha kuvua na kuvisha. Kila ratiba aliianza kwenye ukurasa mweupe, na kabla ya kuchapa alimtaka mteja asome kwa sauti, jina kwa jina, mpaka mwisho. Kazi zikarudi kwa mpangilio wa woga wa watu: mitihani ya shule kwanza, kisha barua, kisha harusi. Mazishi yalichelewa sana.

Ile ya zamani ilikaa chumba cha ndani chini ya kitenge cheusi. Haikuwashwa wala haikutupwa. Mwenyekiti hakufa, na hakupona.

Nilihamia Mbeya, miaka ikapita. Mara ya mwisho kumwona Mchapaji nilikuwa nimekwenda Sumbawanga kwa kazi ya siku moja, wakati wa baridi kali. Nilimkuta amekaa juani, sweta jingine la kijani, nywele nyeupe. Alinipa uji wa ulezi, akaniuliza kama bado naandika vitu baada ya kutokea. Mtaani walimsalimu waliopita. Si wote. Nilihesabu kwa mazoea, kisha nikajizuia.

Tukiwa hapo Mwenyekiti akaingia, mwenyewe, akitembelea fimbo. Upande wake wa kulia ulikuwa umelegea, lakini alikuwa amevaa koti na kofia, msafi. Mchapaji akainuka kumpa kiti.

"Huja kila baada ya misa ya Jumapili," akaniambia, "na siku nyingine pia, kama leo. Hasemi kitu. Anakunywa uji, anakwenda. Ila tangu Pasaka ana jambo."

Mwenyekiti hakukaa. Aliinua mkono wa kushoto na kuonyesha mlango wa chumba cha ndani.

"Hilo ndilo jambo lenyewe," Mchapaji akasema, na sauti yake ilishuka. "Nilikuwa namzuia. Mdogo wake akijua amefika pale, sijui. Binti naye akijua, sijui."

Mzee alikuwa tayari ameanza kwenda. Tukamfuata. Chumba kilikuwa na baridi, na harufu ya mahindi yaliyowekwa ndani. Mwenyekiti akashika ncha ya kitenge na kukivuta. Kile kioo kikubwa kikatutazama, na vumbi likaelea. Akaweka kiganja chake juu ya sanduku, akamgeukia Mchapaji.

Mchapaji akaniambia bila kunitazama, "Fundi amesema ikiwashwa sasa inaweza kuwaka mara moja tu. Au isiwake kabisa, ikafa hapo hapo." Kisha akainama, akaokota plagi sakafuni, akaifuta kwa upindo wa sweta. Alimsogelea mzee mpaka nyuso zao zikakaribiana, macho yale mekundu mbele ya macho yake, na akaongea kwa sauti ya taratibu ya watu waliofanya kazi ofisi moja.

"Kaka, unataka niiwashe, uone nilivyokosea?"

Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali.

"Unataka nilifute jina lako?"

Akakubali.

"Au niiache hivi hivi, nisiguse?"

Akakubali, kwa nguvu ile ile, na chozi likamtoka jicho la upande mzima. Mchapaji akarudia maswali yote matatu kwa Kifipa, polepole zaidi. Majibu yakawa yale yale.

Basi langu lilikuwa linapakia. Niliwaaga, nikatoka hadi uani, nikasimama pale kwa muda nikisikiliza kama nitasikia tik, tik. Nilisikia upepo kwenye bati, na sauti ya Mchapaji ikianza tena swali la kwanza.